Sanduku la Kumi na Mbili

2 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo kila siku linatabiri mvua na mvua yenyewe haiji. Mama yako hajambo. Bado anabadilisha shuka za kitanda cha kaka yako kila Jumamosi. Miaka tisa hakijalaliwa, shuka zimechakaa kwa kufuliwa tu.

Ofisi ya wilaya imeleta fomu. Wanataka nitie sahihi kwamba kaka yako amefariki, faili lifungwe mwisho wa Aprili. Mimi niko tayari. Gari lake lilikutwa nyikani milango wazi, yeye hayupo. Polisi walitafuta miezi miwili wakaacha. Lakini mama yako amekataa katakata mpaka sanduku la kumi na mbili lionekane. Nilimchongea kumi na mawili ya kuwekea wadudu aliokuwa akikusanya, na huko makumbusho, alikokuwa akiwatuma, mnayo kumi na moja. Karani wa stoo ni wewe. Litafute, tumalize.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Mimi sijambo, mafua tu ya vumbi la stoo, nimeshayazoea.

Nimepekua makabati yote ya wadudu. Ni kumi na moja kweli, kila moja na alama yako ya patasi chini. La kumi na mbili halipo. Nitaendelea kutafuta.

Nikuulize kitu, usinikasirikie. Siku ulipompa masanduku hayo, ulimwambia nini? Mama husema mligombana, halafu anageuza mazungumzo.

Binti yako

6 Machi

Marahaba mwanangu,

Natumaini mafua yamepungua. Huku hali ni ile ile.

Nilimwambia hayo ndiyo masanduku ya mwisho, na asikanyage kwangu mpaka apate kazi ya mtu mzima. Jitu la miaka thelathini linakimbiza wadudu, kopo mkononi! Akacheka, akayapakia kwenye gari, akaondoka. Ndiyo hayo tu.

Unadhani najuta. Labda. Nikijitafuta ndani sipati hasira wala huzuni. Naamka, napiga randa, nakula, nalala. Litafute sanduku.

Baba yako

28 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo. Nimelipata. Ukiwa umesimama, keti kwanza.

Wale mbawakawa weusi wenye miguu mirefu wanaokimbia juani hapo uani, kitaalamu wanaitwa Adesmia. Vipo pia vichaka vya nchi za mbali vinavyoitwa Adesmia. Hakuna aliyekosea: watu wa mimea wana kanuni zao za majina, wa wanyama wana zao, na upande mmoja hauombi ruhusa kwa mwingine. Kaka aliandika jina hilo tu juu ya sanduku, hakusema ni wadudu. Mpokea mizigo wetu wa zamani alikuwa mtu wa mimea. Hakulifungua. Akalipeleka kwenye kabati lenye jina hilo, likakaa chini ya matawi makavu miaka minane.

Miaka minane, Baba, si tisa. Muhuri wa posta unaonyesha lilitumwa miezi saba baada ya polisi kuacha kumtafuta.

Ndani kuna mdudu mmoja tu, amechomwa pini katikati. Kila mdudu lazima awe na lebo: alikookotwa, tarehe, na nani. Mwandiko ni wa kaka. “Uani, nyuma ya karakana ya Baba. 14 Agosti, saa nne asubuhi.” Mwaka ni ule ule wa muhuri.

Alikuwa hai. Alifika nyumbani. Baba, siku hiyo ulikuwa wapi?

Binti yako

17 Aprili

Shikamoo Baba,

Hamjambo? Wiki tatu sijapata jibu. Sitaki kukuharakisha. Niambie tu kama barua ilifika.

Binti yako

30 Aprili

Marahaba mwanangu,

Barua zako zote mbili zilifika. Goti halijambo.

Nilifungua daftari la kazi, ingawa sikuhitaji. Tarehe hiyo nilikuwa karakana, napiga randa mlango wa zahanati. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikasikia mtu nyuma ya rundo la mbao. Kwa pembe ya jicho nikaona mgongo tu, ameinama, anapapasa chini. Siku hizo vipande vyangu vya mbao vilikuwa vikiibwa. Nikapaza sauti, “Hapa hakuna cha kuokota, nenda zako!” Randa sikuisimamisha. Akabaki ameinama, kama anayengoja. Kisha akaenda.

Siku ile nilifurahi kwamba mwizi ameondoka bila ubishi.

Nimemwambia mama yako. Hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: alikuwa amekonda? Nikamwambia sijui, maana sikuwa nimenyanyua kichwa.

Fomu nimeirudisha bila sahihi. Karani wa ofisi akauliza sababu, nikamwambia mtoto wangu alipita nyumbani.

Leo Jumamosi. Shuka nimebadilisha mimi.

Baba yenu