Mwendo Niliouongeza Mwenyewe

Soweto, Mbeya
6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Kamwene, na mama pia. Mimi mzima wa mwili, ila kichwa kinachemka. Masikio yako vipi, bado yanavuma asubuhi? Nimempa Fred wa basi barua hii, maana simu huisikii na meseji unasema zimeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Kompyuta inanitesa. Ile niliyoiunga mwenyewe mwezi wa tano, ukaja ukaikuta iko uchi mezani ukacheka. Sasa inazima inavyotaka. Nachora, ghafla skrini inakuwa ya bluu, inaandika maneno mawili matatu kuhusu memori, halafu inajiwasha upya. Jana mara sita. Leo nimeiwasha hata uso sijanawa. Dakika ishirini, bluu. Nimebadilisha pawa saplai. Nimebadilisha diski. Nimefuta Windows nikaiweka upya mara mbili. Feni nimezisafisha, meza nimeihamisha kutoka dirishani. Wapi!

Na kazi haisubiri. Unakumbuka wale wakulima wa Ubaruku walionipa kupima mfereji wao wa tatu? Michoro ya nusu ya kwanza niliwapa Septemba, wanachimba kwa majembe. Sasa wanadai ya nusu ya pili, maana mvua zikianza hakuna atakayechimba. Mwenyekiti wao, Bi Yusta, ananipigia kila asubuhi. Kukaa siwezi, nazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Sikuombi msaada, najua kompyuta si mashine zako. Nilitaka tu nimwambie mtu.

Binti yako,
Frida


Mafinga
9 Oktoba 2024

Frida mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ni baridi tu. Mama yako hatoki jikoni. Masikio ni yale yale. Misumeno iliyachukua, hairudishi.

Kweli kompyuta siijui. Ila miaka ishirini na sita nimetengeneza mashine za kuchana mbao, na vijana wa aina yako nimekuwa nao wengi. Mashine ikikohoa wanabadilisha vitu vitano kwa mkupuo mmoja. Ikipona hawajui imeponea wapi. Isipopona hawajui wameharibu nini zaidi.

Chukua karatasi. Andika inazima saa ngapi, ukiwa unafanya nini. Halafu gusa kitu kimoja tu, subiri, andika. Na hiyo memori inayoitaja yenyewe, mbona ndiyo pekee hujaigusa? Mashine inakuonyesha panapouma, wewe unapapasa kwingine.

Kuna swali nililokuwa nawauliza wote: kabla haijaanza kuumwa, wewe ulifanya nini? Si mashine. Wewe.

Ule chakula.

Baba yako


Soweto, Mbeya
16 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimekula, mwambie mama. Hali yenu? Yangu leo ni nzuri mno!

Nimefanya ulivyosema, ingawa nilitaka kupasuka. Memori ya kompyuta ni vijiti viwili bapa, kila kimoja na tundu lake. Humo ndimo inamoshikilia kila inachokifanyia kazi, kabla ya kukihifadhi. Nikapata programu ya kuipima: inaandika namba humo, inazisoma tena, inaangalia kama ni zile zile. Nikapima vijiti vyote viwili kwa pamoja. Dakika ya kumi na moja, skrini ikajaa mistari myekundu. Nikachomoa kimoja nikaacha kingine, saa tatu nzima nimekaa mikono mapajani. Kisafi. Nikabadilisha. Cha pili nacho kisafi. Nikavirudisha vyote, mistari myekundu! Kila kimoja peke yake kizima, vikikaa pamoja vinaumwa. Nusura niitupe dirishani.

Ndipo nikarudi kwenye swali lako. Mimi nilifanya nini? Baba, mwezi wa saba niliona video ya mtu anaonyesha jinsi ya kuongeza spidi ya memori. Nikaongeza. Na vijiti vyenyewe si pacha, kimoja cha dukani, kingine nilikitoa kwenye kompyuta ya rafiki. Pamoja haviuwezi ule mwendo. Nikaurudisha wa kawaida, kingine sikugusa. Nimepima kutwa nzima siku mbili mfululizo. Hakuna mstari hata mmoja, na haijazima tena.

Sasa naikimbiza nusu ya pili. Asante sana, Baba.

Binti yako,
Frida


Mafinga
19 Oktoba 2024

Frida mwanangu,

Marahaba. Tumefurahi. Mama yako anasema hakuelewa kitu ila naye amefurahi.

Mimi kuna jambo linanikereketa tangu niisome barua yako. Unasema mashine ilikuwa inaandika namba hii, inasoma nyingine. Tangu mwezi wa saba. Na michoro ya Ubaruku uliitoa Septemba. Basi vipimo vya mfereji vilipita humo humo. Siku inapozima, unajua imezima. Siku isipozima, nani kakuambia haikubadilisha kitu?

Una daftari ulilolijaza kwa penseli ukiwa shambani kwao. Lilinganishe na ulichowapa, mstari kwa mstari. Unijibu upesi.

Baba yako


Mafinga
29 Oktoba 2024

Frida,

Siku kumi. Fred anasema amegonga kwako mara mbili, hufungui, ila feni ya kompyuta anaisikia inanguruma ndani. Basi umelinganisha, na nadhani najua ulichokikuta.

Nikuambie kitu. Mwaka 1998 kiwanda tulichokuwapo, kile kilichofungwa, tulichelewa kutoa mzigo. Nikaitoa puli ya msumeno mkubwa, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, nikaweka ndogo ili uzunguke haraka. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu msumeno ukakatika, ukamchukua Isaka vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ndiyo, Isaka huyo huyo. Watu walipokuwa wanampeleka hospitali mimi nilibaki nyuma nikairudisha puli ya zamani. Nilipoulizwa nikasema msumeno ulikuwa umechakaa. Mwaka uliofuata nikamfanya baba yako wa ubatizo. Watu wakasema, tazama hao wanavyopendana. Ni kweli nilimpenda. Lakini si hilo lililonisukuma.

Mama yako nimemwambia jana. Hajaniongelesha tangu hapo.

Wale watu bado wanachimba, Frida. Nenda.

Baba yako


Ubaruku
8 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui mama ameanza kukuongelesha au bado. Mpe salamu zangu hata kama hajibu.

Nilikaa kimya kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwako. Nilikuwa nimeshafurahi, ukaniletea swali lile. Siku nne sikuligusa daftari. Nilipoligusa, nukta ya arobaini na moja, daftari linasema kimo cha ardhi ni mita 1062.37, kompyuta inasema 1062.87. Nusu mita. Nikapata na nyingine mbili. Kompyuta iliona ardhi iko juu kuliko ilivyo, ikawaandikia wachimbe kina zaidi. Maji yangefika pale yakasimama kama bwawa.

Halafu nikafanya kitu cha aibu. Nikatengeneza mchoro mpya, nikapanga kuwaambia kwamba nimeuboresha tu. Fred akanikuta stendi na barua yako, nina begi mgongoni, mchoro ule mkononi. Nimeisoma gari limesimama Chimala, wauzaji wanagonga vioo. Nikairudia mpaka Igawa.

Nilikuta watu kama thelathini mferejini. Nikasema, "Naomba msimame. Vipimo nilivyowapa hapa si sahihi. Kosa ni langu."

Bi Yusta alikuwa chini, shimo limemfika kifuani. Akapanda, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Wiki mbili tunaulizana, mbona hapa tunachimba kaburi?" akasema. "Mzee Anyelwisye alitaka tusimame. Mimi nikamwambia, mtaalamu kaandika, chimbeni."

Nikaanza kueleza habari ya kompyuta, jinsi nilivyoiongezea spidi.

"Kompyuta siijui," akasema. "Nakujua wewe."

Hakuna aliyenitukana, Baba. Afadhali wangenitukana. Mzee Anyelwisye alinikabidhi koleo lake, akaenda kukaa kivulini. Siku sita tumerudisha udongo na kuushindilia, mita mia na themanini. Viganja vimetoka malengelenge, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Jana wamekaa kikao. Nusu ya pili wamempa mtu mwingine. Bi Yusta kaniambia mwenyewe, ananitazama machoni. Nimesema nimeelewa.

Ila wamenitaka nibaki. Kesho wanafungua maji kidogo kujaribu, na nisimame penye nukta ile nione kwa macho yangu. Tangu asubuhi nimeutembea mfereji mara nne. Kukaa siwezi.

Baba Isaka siku hizi yuko wapi?

Binti yako,
Frida

Tarehe 10. Sikupata wa kumpa barua. Maji yalipita, Baba. Yalifika pale yakapunguza mwendo, nikafumba macho, nilipofumbua yalikuwa yameshanipita.


Mafinga
25 Novemba 2024

Frida mwanangu,

Marahaba. Pole kwa viganja, pole kwa kazi iliyokwenda. Mama yako ameniongelesha, alisema, "Mtoto amekwenda. Wewe unangoja nini?" Akanifungia viazi kwenye kiroba bila neno la pili.

Isaka yuko Mgololo kwa mwanawe. Nilikwenda jana. Nilimkuta uani anafunga kamba ya mbuzi kwa ule mkono, alifurahi kuniona, akauliza habari zako. Nikamwambia kabla sijakaa, maana ningekaa nisingesema. Habari za puli, siku tatu zile, nilichowajibu wakubwa wa kiwanda. Miaka ishirini na sita iliishia kwenye maneno ya dakika mbili.

Aliiacha kamba, akapita nyuma ya nyumba. Mkewe, Verediana, akaleta chai, akaniuliza tuna nini. Chai ikapoa. Niliinuka kuondoka mara tatu nikakaa tena.

Aliporudi alisimama mbali kidogo.

"Vidole hivi nilishavisamehe zamani," akasema. "Lakini nilikuwa nimeusamehe msumeno. Sasa inabidi nianze upya."

Nikamuuliza, "Nisije tena?"

"Njoo Jumapili ijayo. Leo ondoka kwanza."

Nimerudi na lori la mbao, dereva akinitazama kwa sababu sikuweza kutulia kitini. Leo ni Jumatatu tu. Nimeshapanga banda la kuni, nimelipangua, nalipanga tena. Sijui atanipokea au atanifukuza, wala sijui nitaanzaje kusema nikifika.

Jumapili nakwenda.

Baba yako