Tochi ya Kusemea

Jumatatu, 3 Machi

Nimeagiza! Binti ndiye aliyebonyeza simu, mimi nilishika meza tu. Oda imeshalipiwa, hairudi nyuma.

Hapa nchini kifaa chenyewe hakiuzwi. Nimezunguka maduka ya dawa, nimeuliza hospitali alikopasuliwa mume wangu, hata fundi redio wa pale kona nikamwuliza — akanitolea maiki ya kwaya. Kinapatikana ng'ambo pekee. Ni kama tochi ndogo. Unakibandika shingoni, kinatetemeka, wewe unachezesha mdomo, maneno yanatoka. Kwa mtu aliyeondolewa kisanduku cha sauti kama Mzee wangu, hiyo ndiyo sauti yenyewe.

Mzee hajaambiwa. Akijua ataandika kwenye simu yake "usipoteze hela", kisha anipe mgongo. Tangu operesheni ya mwaka jana anaandika kila kitu, na kila wiki maneno yanapungua. Wageni wakija anajificha chumbani. Mtu aliyekuwa dalali wa mnada maisha yake yote! Tangu tuoane nimekuwa nikimwomba anyamaze, nimalize kumpima mteja nguo. Sasa kanyamaza, na nyumba imenishinda.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu hana kifua. Kamwambia.

Mzee kaandika: nitasikika kama mdudu ndani ya kopo. Nikamjibu heri mdudu kuliko sanamu. Nilikuwa mkali mno, najua. Akaingia chumbani, akarudisha mlango.

Nilipopita baadaye nikachungulia. Yuko mbele ya kioo, midomo inakwenda bila sauti. Nyusi juu, kidole juu, anamtafuta mnunuzi nyuma ya ukumbi. Alikuwa anafanya mazoezi! Nikarudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto. Sare ya shule ya watu. Kesho nitafumua.

Jumanne, 18 Machi

Bosi wa mnada alikuja leo. Kakaa kwenye ncha ya kochi, kanywa maji, kazunguka mbuyu weee. Mwishowe akasema: shemeji, mnada ni mdomo. Dalali mpya anaanza mwezi ujao. Kiti cha Mzee hakiwezi kukaa wazi milele.

Hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichoniuma zaidi. Mzee akampa mkono, akamsindikiza hadi mlangoni akitabasamu kama mwenye nyumba mwema. Kisha hakugusa chakula.

Kifurushi bado kiko njiani. Binti anafungua ule ukurasa wa kufuatilia mzigo kwenye simu asubuhi na jioni. Mimi simwulizi tena, namtazama uso tu.

Jumatano, 26 Machi

Kimefika! Na kimekamatwa.

Afisa wa forodha pale posta amekifungua, amekipindua, amekinusa. Eti karatasi inasema ni kifaa cha mawasiliano, kwa hiyo kinahitaji leseni, kama redio za kuitana za walinzi. Nikamwambia hakiwasiliani na mtu yeyote, ni koo. Akasema: mama, koo haliagizwi kwa posta. Foleni nzima ikacheka. Hata mimi nilikaribia kucheka, ila nilikuwa na hasira.

Kasema mwenye mali aje mwenyewe, aeleze ni cha nini. Aeleze! Mzee kusimama mbele ya watu, na simu yake ya kuandikia mkononi, wamtolee macho — nilijua jibu lake.

Ijumaa, 28 Machi

Mungu mkubwa. Niandike taratibu.

Alikataa, kweli. Nikamwambia basi, kitarudishwa kilikotoka, na mimi sitaagiza kingine. Nikaendelea kupiga pasi. Kidogo namwona katoka na suti ya mnada. Nikamfunga kile kitambaa cha shingo nilichomshonea, cha kufunika tundu analopumulia.

Kwenye kaunta afisa akamwuliza: mzee, kifaa hiki ni cha nini? Mzee akalitazama boksi. Akarudia kwa sauti kubwa, kama vile Mzee ni kiziwi. Nikafungua mdomo niseme mimi, Mzee akanikanyaga mguu. Akanyoosha mkono, aletewe boksi. Afisa akasitasita, akampa.

Akakibandika chini ya taya. Zzzzz. Hakuna neno, ni mlio tu. Watu wakageuka. Akasogeza upande. Zzzzz. Uso ukamwiva, nikasema moyoni nimemdhalilisha mume wangu. Akashusha kidogo, akabana.

"Ni cha kukujibu wewe."

Kavu, bapa, kila neno limesimama peke yake. Kila mtu alisikia. Afisa akainuka kitini. Akasema shikamoo, na tulishasalimiana zamani. Mzee akaitikia marahaba, taratibu, akiionja. Afisa akamgeukia mwenzake: andika kifaa cha matibabu, waache waende.

Nikalia palepale, bila aibu. Mama mmoja kwenye foleni akanipa leso yake, na nimeondoka nayo.

Jumapili, 30 Machi

Hana breki!

Tumegundua jambo. Pumzi inapita kwenye tundu la shingo, maneno yanatoka kwenye tochi. Hana haja ya kuvuta hewa katikati. Zamani alipovuta pumzi ndipo mimi nilipochomeka neno langu. Sasa nafasi hiyo hakuna. Leo tumebishana juu ya pazia, akanishinda kabla sijaanza. Nimeshindwa nikabaki nacheka kama mwendawazimu.

Kuna kitufe cha pili, ukikibonyeza sauti inapanda. Amekizoea haraka. Ameshanadi friji, kabati, viatu vya Binti na cherehani yangu. Binti kalinunua kabati kwa ahadi ya kuosha vyombo mwezi mzima.

Jioni aliniita jikoni. Mama watoto. Sauti si yake, wala haitakuwa. Nilisimama na mwiko mkononi, nikaihuzunikia ile ya zamani, kwa mara ya kwanza nadhani. Akaniita tena. Ile namna ya kulivuta neno la mwisho, hiyo ni yake. Nikaitika.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika huku nasikiliza. Mzee yuko sebuleni, kampigia Bosi.

Mara ya kwanza Bosi alikata. Alidhani ni matangazo ya kampuni ya simu. Mara ya pili akakata na kutukana. Mara ya tatu nikaongea mimi: shemeji, usikate, ni yeye mwenyewe. Kisha nikaweka spika.

Bosi akasema amefurahi, kweli amefurahi. Lakini yule mpya anaanza kesho, na sauti hiyo, ndugu yangu, watu watacheka.

Mzee akasema: waache wacheke, nitawauzia huku wanacheka. Halafu akamwuliza amekalia kiti gani. Bosi akashangaa, akasema kile cheusi, cha kuzunguka.

Basi akaanza. Mabibi na mabwana, kiti cha ngozi, kinazunguka, kinapanda, kinashuka, kimetumiwa na mtu mmoja tu na wala hakukichosha kwa kazi, nani anaanza, nani anaanza, namwona mhasibu pale mlangoni —

Bosi naye kaweka spika, na mhasibu wa ofisi alikuwepo kweli! Nikamsikia anataja bei. Sauti nyingine ikaongeza. Kicheko kikajaa simu. Mzee hasubiri kicheko kiishe, anapita juu yake, hapumui, kitufe juu, kitufe chini. Kuna sauti ngeni, changa, inauliza: huyu ni nani, huyu? Nadhani ndiye yule wa kesho.

Bosi anapiga kelele kwamba kiti si cha kuuzwa. Mzee anamwambia basi ataje bei yake, mali inaondoka.

Bosi hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Ila kapandisha dau juu ya kiti chake mwenyewe, na mhasibu kampita, na sasa Bosi anapandisha tena!