Baba, Nimeiua Injini Yako

Baba,

Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine: injini imekufa. Mimi ndiye niliyeiua.

Ile gari yetu ya spoti, ya milango miwili, tuliyoivuta na trekta kutoka banda la kuku kule Kabianga, sakafu imeoza, panya wamezaa ndani ya kiti. Miaka sita tukiitengeneza, mimi na wewe. Ulifunga breki za diski, ukachomelea vyuma vya kumlinda dereva ikipinduka, lakini kiti cha abiria ulikataa kukitoa. "Jumamosi inakimbia mbio, Jumapili inampeleka mama yako kanisa." Ulimpeleka mara moja tu. Halafu ugonjwa wa ini ukakulaza.

Tulipokuzika nilibaki na zile kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli. Wewe ulikuwa unaweka ncha moja ya mpira wa maji sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza inavyovuta hewa, unageuza skrubu kidogo tu. "Chepkoech, wacha macho. Sikia." Baba, sikuwahi kusikia kitu. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, nisikuvunje moyo.

Nikazirekebisha kwa macho tu, nikaipeleka mbioni hivyo hivyo. Raundi ya nne ilivuta vizuri sana, nikalia kwa furaha ndani ya helmeti. Kumbe ilikuwa inapata hewa nyingi, petroli kidogo, inaungua ndani. Pistoni iliyeyuka, bloki ya injini ikapasuka tundu. Ngumi yangu inaingia kwenye hilo tundu. Nimeuliza Kericho, Nakuru, hadi Nairobi. Bloki kama hiyo hakuna.

Lakini linaloniumiza zaidi ni Mama. Tangu uondoke, kila nilipopanda mlima nayo, alikuwa anaacha kuchuma, anasimama katikati ya majani chai na kikapu mgongoni. "Nikiisikia ikipanda, nasahau kidogo," aliniambia. Sasa iko nyuma ya nyumba chini ya turubai, naye ananiuliza itatengenezwa lini. Miezi minne namdanganya eti tunangoja spea. Anaamini. Anaipangusa vumbi.

Siahidi kuifufua. Sina huo moyo tena, na hata ningekuwa nao, wewe hupo. Ninachoahidi ni kidogo: leo Mama akirudi kutoka kupima majani chai kituoni, nitamketisha jikoni nimwambie ukweli. Atalia. Nitakaa naye, na sitamwambia anyamaze.

Kwaheri, Baba. Amefika langoni. Wacha niende nimpokee kikapu.

Chepkoech wako