Nyumba Isiyo ya Baba

Chumba Na. 12, Nyumba ya Wazee,
Terenure, Dublin.
14 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Attracta,

Pokea salamu nyingi za kaka yako. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na baridi ya Hamilton imeshawaachia, au bado mnafukua theluji mlangoni? Mimi bado napumua, ingawa kwa msaada wa mpira wa hewa puani, na daktari ameacha kuzungumzia miezi, sasa anahesabu wiki. Usilie. Nina miaka themanini na minane, sijaonewa.

Tatizo ni kwamba situlii. Kila asubuhi nafunga begi, na kila jioni Imelda, muuguzi wangu, analifungua. Juzi aliniuliza, "Mwalimu, unakwenda wapi na soksi sita na koti la mvua?" Nikamwambia nakwenda Mayo. "Basi niletee samaki," akasema, akazirudisha soksi kabatini.

Barua yako ya Aprili ndiyo iliyonikosesha raha. Unasema kibao cha shaba cha Baba kimekwisha kuchongwa, Austin Gaughan, pamoja na mwaka aliozaliwa, na kwamba mwanao Fidelma atakuja nacho tarehe tisa Juni akipigilie kwenye ukuta ule wa kwenye picha niliyokutumia. Attracta, ukuta ule si wa nyumba ya Baba. Sijui ni wa nani. Nimekudanganya miaka hamsini na mitatu.

Unakumbuka kwamba mwaka 1971 Baba alikuwa haoni kabisa, anaishi nami Cork. Niliitwa Dublin kwenye usaili wa ualimu mkuu, Jumatano saa tatu asubuhi. Akaomba twende wote, ila tuzungukie kwanza kwao Erris, pembeni kabisa ya Mayo, kando ya bahari, alikoondoka akiwa na miaka kumi na tisa na ambako mimi na wewe hatukuwahi kufika. Tulitoka Jumatatu. Nilidhani muda tunao.

Lakini Baba hakuwa mtu wa kupita mji bila kusalimu. Limerick tuliingia kwa mjane wa rafiki yake aliyefanya naye kazi ya reli. Chai aliikataa mara mbili kama ilivyo ada, ya tatu akakubali, na ilipokuja ilikuja na viazi, nyama ya nguruwe na majirani wawili. Tukalala huko. Jumanne, Galway, alitaka apelekwe sokoni asikie tu watu wakibishana. Nilisimama nyuma yake nikichezesha funguo.

"Malachy," akasema, "funguo zako zina kelele kuliko kengele ya misa. Nenda ukakae garini, mimi bado naongea."

Saa kumi alasiri ndiyo kwanza tulikuwa karibu na Dunmore. Erris ilibaki mwendo wa saa tatu kwa barabara za wakati ule, kisha tuvuke nchi nzima kwenda Dublin. Nikaona gofu kando ya njia, halina paa, miiba imeota mlangoni. Nikazima gari, nikasema, "Tumefika, Baba."

Alishuka. Akaupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, jiwe baada ya jiwe. Mara akatokea mama mmoja na ndoo ya chakula cha kuku, na kabla sijamwahi, Baba akamsalimu kwa Kiayalandi cha kwao. Nilimtikisia kichwa yule mama, nikamwonyesha macho ya Baba. Alielewa papo hapo. Unawajua watu wetu, wataona heri waseme uongo kuliko kumtia mgeni aibu.

"Wewe ni wa nani?" Baba akauliza.

"Wa Padraic, mzee."

"Padraic yupi? Yule mwekundu wa nywele?"

"Huyo huyo mwekundu."

"Baba yako aliniibia kasia."

"Mkono wake ulikuwa mrefu kidogo, Mungu amrehemu," akasema, akimtetea mtu ambaye hakuwahi kumjua.

"Na bahari leo ikoje?"

Tulikuwa katikati ya malisho, Attracta. Bahari ilikuwa mbali nasi zaidi ya maili ishirini. Yule mama alinitazama kwanza mimi. Kisha akasema, "Imetulia, mzee. Kama maziwa ndani ya bakuli."

Ndiye aliyetupiga ile picha, kwa kamera yangu.

Tulipita Athlone, njiani kwenda Dublin, ndipo Baba akanigeuzia uso. Akasema, bila hasira, "Ukimwandikia Attracta, mwambie tulifika nyumbani. Habari ya bahari iache."

Alijua. Mtu aliyekua na chumvi puani asingeshindwa kujua. Labda alijua tangu nilipofungua mlango wa gari.

Kazi niliipata. Baba alifariki wiki kumi na moja baadaye. Nilikuwa nimepanga kumpeleka Erris kiangazi. Nikakuandikia kama alivyoniagiza, nikajiambia kwamba namtii. Haukuwa utii. Niliogopa utaniona nilivyo. Nimefika Roma mara mbili, Erris sijakanyaga.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Seán Tom Gaughan wa Ceathrú Thaidhg, huko huko Erris, mjukuu wa binamu yake Baba. Nilimweleza yote. Akasema, "Miaka hamsini na mitatu, bwana. Ulikuwa unakuja kwa kutambaa?" Anasema kuta tatu za nyumba ya Baba bado zimesimama, na kondoo wake ndio wapangaji. Nyundo anayo.

Ukishindwa kunisamehe sitakulaumu, lakini kwanza mwambie Fidelma asiutafute ule ukuta wa kwenye picha. Akitoka uwanja wa ndege aje hapa anichukue. Daktari amekataa. Imelda, kwa upande wake, ameuliza kama garini kutakuwa na nafasi ya mtungi wa hewa na ya mtu wa kuubeba, kwa hiyo naona yeye yuko upande wangu. Naye Fidelma akitaka kusimama njiani anywe chai, asimame, hata kama ni kila mji.

Nisalimie shemeji Desmond, na watoto wa Fidelma, Ronan na Keelin. Mungu akulaze salama na akuamshe salama. Nijibu upesi, hata kwa maneno makali.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyechelewa kusema,

Malachy