Nambari Uliyoandika Kwenye Fomu

Mwalimu Githinji,

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani nimeketi hapa kukulilia. Nilikulilia ya kutosha mwezi wa kwanza, leso mdomoni ili wapangaji wa chumba cha pili wasinisikie. Sasa ni miezi minne tangu tukuzike Subukia, na kila asubuhi nikifungua ile ofisi yetu ya juu ya duka la nyaya za umeme, kitu cha kwanza ninachotaka ni wewe uwepo tugombane.

Kazi iko vile uliiacha. Bado naitwa mtu wa kozi. Naenda shule hadi shule kuwaeleza watoto wa kidato cha nne ni chuo gani kitawapokea na kwa alama zipi, na bado walimu wakuu wananipa dakika kumi, tena saa ya chakula, watoto wakiitazama githeri kuliko wanavyonitazama mimi. Ile meza ya kukunja naibeba peke yangu. Wiki iliyopita mzazi mmoja alinishika mkono akitaka mwanawe awe daktari. Mtoto ana D. Nilipomweleza, akaniuliza yule mzee wa kofia yuko wapi, maana yule ni mtu wa kuelewana. Wewe ungemwambia maneno yaleyale, ila ungetumia saa nzima na vikombe viwili vya chai, naye angeondoka akikushukuru. Mimi hiyo subira sina, na unajua.

Lakini hayo nimeyazoea. Kilichonikasirisha ni nambari yako ya simu.

Unakumbuka tulivyozozana kule Kariandusi, kwenye benchi ya nje ya ofisi ya shule? Pale fomu inapouliza simu ya mwombaji, ulikuwa unaandika yako. Si kwa wote, ila kwa kila mtoto ambaye kwao hakuna simu ya kutegemewa, na hao si wachache. Nilikuambia, Mwalimu, hii si sawa, siku ukipoteza simu itakuwaje? Ukavua kofia, ukajikuna kichwa, ukaendelea kuandika na ile kalamu yako ya buluu.

"Wazazi hubadilisha laini kila saa, Zuhura. Mimi siendi mahali."

Huendi mahali. Asante sana.

Jumatatu alikuja Nyambura. Unamjua, yule wa Kariandusi ambaye babake hufanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe. Fomu yake uliijaza mwenyewe, uuguzi, chaguo la kwanza. Amepata nafasi. Chuo kilituma nambari ya siri ya kuthibitisha kwamba anaikubali, na kiliituma kwako. Asipothibitisha kufikia Ijumaa saa sita, nafasi inapewa anayefuata kwenye orodha.

Nilipiga simu chuoni. Wakaniambia tubadilishe nambari kwenye mtandao wao. Nikajaribu. Ili mtandao ubadilishe nambari, lazima kwanza utume nambari ya siri kwa simu ya zamani. Nikapiga tena, na tena. Yule dada wa mapokezi, mpole kweli, akasema mwenye laini afike mwenyewe na kitambulisho. Nikamwambia mwenye laini amezikwa Subukia. Nadhani alisikia neno Subukia tu, kwa sababu alinijibu kwamba si mbali.

Nyambura alikuwa ameketi kwenye kiti chako, viatu vina lile vumbi jeupe. Hakulia. Aliangalia picha yako ukutani, akaniuliza, "Madam, sasa nitaambia aje mtu ameshakufa anisomee meseji?"

Niligeuka nikajifanya natafuta karatasi. Nilijua simu yako iko wapi. Iko kwenu, mtaa wa Section 58, kwa mke wako Mama Ciru, na kwake nilikuwa sijakanyaga tangu mazishi. Nilimwambia Nyambura arudi Alhamisi, nikisema nitakuwa nimepata njia nyingine. Siku tatu nzima nilitafuta hiyo njia nyingine. Nimejaa aibu kukuandikia hivi. Nilikaribia kumpotezea mtoto nafasi kwa sababu ya kitu changu mwenyewe, na hicho kitu nitakuambia.

Alhamisi tukaenda, mimi na yeye. Mama Ciru alitukaribisha vizuri mno, hata hakuniuliza nilipotelea wapi. Simu yako alikuwa ameizima baada ya mazishi, akaitia ndani ya soksi yako, na soksi ndani ya kopo la vifungo. Alisema watoto walikuwa wanapiga wakiuliza kama wameitwa chuo.

"Ningewajibu nini, Zuhura? Ikilia, ni yeye anatafutwa."

Nikamweleza shida ya Nyambura. Aliishika ile soksi kwenye mapaja, akamuuliza msichana kama ni yeye wa udongo mweupe. Nyambura akaitikia. Mama Ciru akasema jina lake alilisikia sana mezani wakati wa chakula, akainuka kutafuta chaja.

Tuliichaji jikoni, kabambe yako ile ile, simu ndogo yenye vibonye vilivyofutika. Nilidhani laini imekufa. Ikashika mtandao. Niliomba nambari ya siri nyingine kupitia simu yangu, tukasimama watatu tukiitazama yako juu ya meza hadi ikalia. Nyambura akazisoma tarakimu mara mbili, mimi nikaziandika. Nafasi imethibitishwa. Mama Ciru akacheka huku analia, akamwambia msichana aketi ale.

Mimi nikabaki na simu, nikiangalia kama kuna wengine walioitwa. Nikashuka kwenye orodha ya meseji, nikapita rambirambi zote, hadi asubuhi ile.

Hiki ndicho kitu changu. Asubuhi uliyoanguka, mimi nilikuwa steji ya matatu na meza, nikikungoja, na nilikutumia ujumbe. "Mwalimu uko wapi? Gari inajaa. Ukichelewa tena leo, mimi naacha hii kazi." Walisema ulianguka ukifunga kamba za viatu, na hakuna aliyejua kama simu ilikuwa mkononi. Miezi minne nimeamini kwamba uliusoma. Kwamba ulienda ukijua nimekuchoka. Ndiyo maana sikuweza kumtazama mke wako usoni.

Ujumbe ulikuwepo, jina langu, na ile alama ya bahasha bado imefungwa. Hukuusoma. Nilikalia debe la unga jikoni kwako nikalia mbele ya watu, baada ya kujiahidi nimemaliza. Kisha nikaufuta bila kuufungua.

Sijaacha kazi, Mwalimu. Nilitaka ujue hilo kutoka kwangu.

Mama Ciru amenipa simu. Kulikuwa na wengine wawili wanaokutafuta, mmoja wa Gilgil, mmoja wa huko kwenu Subukia, na wote nimewapata. Nikamwapia kila aliyekuwa ofisini, yaani mimi na picha yako, kwamba hiyo tabia ya kuandika nambari ya mtu mmoja kwenye fomu za watu imeisha.

Jana nikaenda shule moja ya Subukia. Kuna kijana anayelelewa na nyanyake, simu hawana, jirani amehama. Nilizunguka hiyo fomu weee. Mwishowe nikaandika yako. Hapo ndipo hasira iliponipanda upya, kwa sababu niliiandika bila wasiwasi wowote.

Basi lala, Mwalimu, na hiyo kofia yako. Simu iko kwangu, ina chaji, na salio naweka kila wiki. Wakikutafuta, nitajibu mimi.

Zuhura