Nimekwenda Kujaribu Gauni

Mama mdogo,

Maharage nimeyaepua, chumvi bado. Cherehani ya marehemu mama usiiguse, sindano imekatika.

Wale wateja wangu wa nguo za kizamani, uliodhani ni waigizaji, si waigizaji. Wanasafiri kurudi miaka ya nyuma. Usicheke kwanza! Wanataka fundi wa kushona wa kufuatana nao, maana kila wanakofika wanachekwa kwa mavazi. Nikawaambia sikubali lolote mpaka nimwone mama.

Asubuhi, ulipokwenda sokoni, wakanipeleka dukani kwake, enzi za kabla sijazaliwa. Nikaingia kama mteja. Hakunitambua, angenijuaje? Akanipima mabega, akanipima kiuno, kisha akanipiga kikofi mgongoni: “Simama wima, binti, unaniharibia vipimo!” Sauti ileile niliyoogopa nimeisahau. Halafu akauliza kama nina undugu na mdogo wake, eti nanuna kama yeye. Ndiyo, wewe! Nilicheka mpaka nikalia. Akanipa kipande cha kitambaa nijifute, akaniita mwehu.

Tangu nibaki yatima sijapumua hivi.

Kwa hiyo nimekubali kwenda nao. ~~Usinibakizie chakula.~~ Nibakizie, jioni nitakuwa nimerudi. Watu wenye muda wote huo hawana kisingizio cha kuchelewa.

Usinizuie, tafadhali. Mama amesema nirudi Ijumaa kujaribu gauni, na nisipotokea atamuuzia mtu mwingine.

~~Mtoto wa dada yako~~
Mwanao