Jiwe la Mzee Sawasawa

Jumatatu, 3 Machi

Ushirika wa wakulima unaitaka mizani ya marehemu baba! Ile ya kale, sahani mbili za shaba na minyororo. Mwenyekiti kaja mwenyewe. Hawaiamini ile mpya ya betri — eti inataja namba tu, haina aibu. Kuanzia Jumamosi mahindi yao yatapimwa kwa mizani ya Mzee Sawasawa. Kichwa kimenivimba! Nani asiyemkumbuka baba? Kabla ya kununua gunia la mtu, aliionyesha mizani tupu: tazameni sahani, zote sawasawa! Ndipo alipoweka jiwe la kilo kumi huku, mahindi kule.

Jumatano, 5 Machi

Nimesugua shaba mpaka vidole vinanuka ndimu. Mizani tupu imetulia, sahani sawa. Nikaligeuza jiwe nilisafishe chini. Kuna tundu, limeshindiliwa risasi, yale madini mazito ya kuyeyusha, imefurika hadi nje. Nikalipeleka kwa muuza nyama jirani, kwenye mizani yake ya betri. Kumi na robo tatu! Pima tena, nikamwambia. Ileile. Akacheka: jirani, jiwe lako limenenepa.

Kila jiwe lilipowekwa sahanini, mkulima katoa robo tatu ya kilo ya mahindi bure. Miaka yote hiyo! Baba? Baba yangu mimi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwuliza mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. Ni yeye! Mwaka ule baba alipolazwa, alilipeleka jiwe kwa mhunzi. Baba akarudi, akaendelea kupima, akafa hajui. Mama kaniuliza kama nilidhani nilisomeshwa na upepo. Kisha eti ya kale hayanuki, mwanangu. Hayanuki! Nyumba nzima inanuka.

Nikasema Jumamosi tuwaambie ukweli. Akajibu: watakayemtukana ni baba yako. Nani ataamini hakujua? Nimelia sana.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika. Nimejifungia chumbani. Jiwe nililisukuma uvunguni jana — halipo! Mama yuko sebuleni anawakaribisha, anacheka. Minyororo inalia. Halafu sauti ya mama, kwa mkazo uleule wa marehemu: tazameni sahani, zote sawasawa! Makofi. Mungu wangu!

Mwenyekiti anagonga mlango wangu. Wameshakubaliana huko nje: mizani watabeba wao, lakini heshima ya kulibeba jiwe ni ya mtoto wa Mzee Sawasawa —